Daftarini jina limo, pichani halimo

Mwaka 1872 Nicolae Grigorescu, anayehesabiwa na Waromania kuwa baba wa uchoraji wao wa kisasa, alichora sura ya mwanamke kijana wa Kiroma. Picha inaitwa "Țiganca de la Ghergani". Ghergani ni kijiji. Țiganca ni Mroma wa kike, kwa neno ambalo Waroma hawakujipa wenyewe. (Waroma, ambao wengi huwaita "Gypsy", na Waromania, wananchi wa Romania, wasituchanganye: ni majina mawili mbalimbali. Katika lugha ya Waroma, rom ni mume.) Huyo mwanamke aliitwa nani, picha haisemi.

Wanaomtetea Grigorescu wana hoja nzito. Alikuwa mtoto wa maskini, alifiwa na baba mapema, akauza vijipicha vya watakatifu ili nyumbani wapate kula. Baadaye alipamba kuta za monasteri ya Agapia, na mwaka 1861 akaenda Paris. Kutoka huko alifika Barbizon, kijiji cha Ufaransa, kwa wachoraji waliowaacha majenerali na miungu ya kale wakageukia wakulima na miti. Aliporudi nyumbani alirudi na jicho hilo. Huko Romania picha ya sura ilikuwa mali ya kabaila mwenye pesa ya kuilipia. Kumchora Mroma peke yake, si mtumishi aliyebeba sinia pembeni, halikuwa jambo dogo, na sioni haki ya kulibeza.

Lakini hebu tupige hesabu. Waroma walikuwa watumwa katika Wallachia na Moldavia, nchi mbili zilizoungana baadaye kuwa Romania, kwa karne tano. Hati ya mwaka 1385 tayari inataja familia 40 zilizotolewa zawadi kwa monasteri ya Tismana, na watumwa wa mwisho wa watu binafsi katika Wallachia waliachwa huru Februari 1856. Serikali iliwalipa mabwana fidia. Walioachwa huru hawakulipwa kitu. Binti wa miaka 18 mwaka 1872 alizaliwa 1854, wakati Mroma bado anarithishwa kama ng'ombe, na neno țigan lilikuwa karibu sawa na kusema mtumwa. Kwa hiyo kichwa cha picha hiyo hakitaji kabila tu. Kinataja hadhi ambayo mama yake huyo binti aliijua vizuri.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Bibi harusi wa kikabaila alipoondoka kwao, iliandikwa orodha ya mali aliyopewa na wazazi: ardhi, vyombo vya fedha, na Waroma. Na Waroma hao waliandikwa kwa majina. Hata madaftari ya sensa ya mwaka 1838 yalitaja majina na kazi zao: mhunzi, mpishi, mpiga fidla. Bwana alihitaji jina ili mali yake isipotee. Mchoraji, aliyekaa na mtu huyo muda wa kutosha kuona jinsi mwanga unavyoangukia shavu lake, ametuachia jina la kijiji.

Kijiji hicho nacho kinazua swali. Picha za aina hii hupenda kuitwa za "wahamaji", maana mnunuzi anataka vumbi la barabara, gari la farasi, mwanamke mwenye sarafu za dhahabu nyweleni. Sasa mtu "wa Ghergani" anahama vipi? Waroma wengi walikuwa wakazi kabisa, kwenye mashamba ya mabwana na monasteri. Na kwa waliohama kweli, kina Kalderash wafua shaba, zile sarafu zilizowapendeza wachoraji zilikuwa benki. Asiye na hati ya ardhi huvaa akiba yake.

Mwaka 1942 neno "wahamaji" likawa kichwa cha orodha. Serikali ya Antonescu, dikteta wa Romania wakati wa Vita Kuu ya Pili, iliwafukuza Waroma wapatao 25,000 kwenda Transnistria, eneo la Kisovieti lililokuwa mikononi mwa Romania, wahamaji wakitangulia, tena kwa magari yao wenyewe, ambayo walinyang'anywa walipofika. Takriban 11,000 walikufa, wengi kwa njaa, baridi na homa ya chawa. Grigorescu alikuwa amefariki tangu 1907, na kumbebesha hilo ni uonevu. Ila mazoea ya kumtazama Mroma kama mtu asiye na kwao yalilishwa na mengi, picha zikiwemo.

Mimi ningeiacha picha ukutani, nibadilishe kibao. Kisomeke: mwanamke kijana, Ghergani, miaka 16 baada ya utumwa kufutwa, jina halikuandikwa. Wapo watakaosema huko ni kuingiza siasa makumbusho. Mbona kichwa cha sasa nacho ni siasa, tumekizoea tu.

Mwaka 2022 Małgorzata Mirga-Tas, Mroma wa Poland, alipewa banda zima la nchi yake kwenye Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa ya kimataifa. Hutengeneza picha kubwa kwa kushona vipande vya nguo, nyingine zimevaliwa na jamaa zake, hivi kwamba sketi unayoiona ni sketi kweli. Usahihi wake umezidi wa Grigorescu mbali. Lakini pia ana bahati ambayo Grigorescu hakuwa nayo: wengi anaowachora ni watu wa kwao, hana haja ya kuwauliza majina.