Gunia la kilo 60, na kwa nini Java inakataa

Mtengeneza programu anayeandaa mfumo wa ghala la kahawa Moshi ana klasi mama (kielelezo ambacho klasi mtoto hurithi), Gunia, yenye methodi (kazi inayoitwa kwa jina) uzito(). Anaandika klasi mtoto, GuniaLaKahawa, halafu anajiuliza: gunia la kahawa iliyokobolewa ni kilo 60, sasa kila gunia libebe jibu lake la nini? Anatanguliza static, neno linaloifanya methodi iwe ya klasi nzima badala ya gunia moja moja, kwenye uzito() ya mtoto. Lugha ya Java inagoma kukompaili (kutafsiri msimbo uwe programu). Lugha ya C# inapokea kwa onyo tu: CS0108, au CS0114 kama methodi ya mama ni virtual (inayoruhusu mtoto kuibadilisha). Ukiongeza neno new, hata onyo linapotea.

Wanaoipenda C# wana hoja, na si ndogo. Huenda maktaba unayoirithi haikuwa na uzito() mwaka jana, toleo jipya ndilo limeiongeza. Katika Java, klasi yako iliyokuwa nzima inaharibika kwa kosa lisilo lako. Neno new linakuruhusu kutamka kwamba jina hili ni langu, la mama ni jingine.

Hata hivyo Java inaonewa ikiitwa kaidi. Methodi ya objekti (kitu kimoja kilichoundwa kutoka klasi, kama gunia moja) huchaguliwa programu inapofanya kazi, kwa kutazama objekti yenyewe ni ya klasi gani hasa. Ya static huchaguliwa wakati wa kukompaili, kwa aina iliyoandikwa, na haina this, yaani objekti inayoishughulikia. Kwa hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya ile ya mama. Inaiziba tu kwa anayepitia kwa mtoto.

Sasa pakia lori magunia 200 ya kahawa, uyaweke kwenye orodha ya Gunia, na tuseme uzito() ya mama inarudisha 0. Katika C#, kitanzi cha kujumlisha kitaita ya mama mara 200. Jibu ni kilo 0 badala ya 12,000. Programu haianguki, hati ya mzigo inachapwa vizuri tu. Anayekagua akiita GuniaLaKahawa.uzito() anapata 60, naye ataapa klasi haina tatizo! Kosa la kukompaili lingemgharimu dakika mbili.

Java nayo si malaika. Kwenye fildi (mahali pa kuhifadhi thamani ndani ya klasi), static int uzito = 60 ya mtoto inaficha int uzito ya mama bila kompaila kusema neno. Gunia moja likitoboka, ukaandika GuniaLaKahawa.uzito = 57, yote 200 yamepungua, kwani fildi hiyo ni moja kwa klasi nzima. Na kila objekti bado imebeba uzito wa mama ndani yake. Hapa ndipo ukali ule ulipohitajika zaidi.

Kilo 60 iwe static final (ya klasi nzima na isiyobadilika), lakini kwa jina lake, KILO_ZA_GUNIA. Methodi uzito() ibaki ya objekti, ikiwa na @Override (alama kwamba inachukua nafasi ya ile ya mama), irudishe namba hiyo. Fildi za mama ziwe private, yaani zisifikiwe kutoka nje ya klasi yake. Kwenye C#, washa TreatWarningsAsErrors, inayogeuza maonyo kuwa makosa, katika faili la mradi, ili kuficha kuwe kwa kukusudia. Siku ghala likianza kupima kila gunia, utakachobadilisha ni kilicho ndani ya uzito(), na kitanzi cha lori hukigusi.