Printa ya PDF inayokula rangi

Hivi nani aliamua kwamba printa isiyo na wino wala karatasi ianze kazi kwa kijivu? Steshenari yetu hapa Mwanjelwa inatumia mfumo wa kompyuta wa Linux, na wanafunzi wanaleta ripoti zenye grafu: mstari mwekundu ni mvua ya Tukuyu, wa bluu ni ya Mbarali. Unatuma ripoti kwenye printa ya PDF ili upate faili moja safi la kupeleka kwenye mashine kubwa. Linatoka kijivu tupu! Mistari yote miwili inafanana, huyo mwanafunzi amesimama kaunta na anatakiwa kuwasilisha saa nane mchana.

Kwenye printa ya kweli naelewa, wino wa rangi ni ghali. Hii inaandika faili tu ndani ya folda. Inabana matumizi ya nini?

Dawa ipo, ila imefichwa. Fungua kivinjari uandike localhost:631, utafika kwa CUPS, mfumo unaoendesha printa za Linux. Ingia kwenye printa yako, nenda kwenye mipangilio yake ya kudumu, ubadilishe modi ya rangi. Kama chaguo la rangi halipo kabisa, dreva (programu inayoiongoza printa) uliyopewa siyo. Futa printa, iongeze upya kwa dreva ya CUPS-PDF yenyewe, ile iliyotengenezwa kwa printa ya PDF. Halafu LibreOffice, programu ya kuandikia ripoti, nayo ina kiboksi chake cha kugeuza rangi kuwa kijivu, kikague. Sehemu zote hizo, kwa kitu ambacho kingewekwa rangi tangu mwanzo na anayetaka kijivu akajichagulia mwenyewe!