Ataksia ya kurithi: kuna haja ya kuacha ngano?

Mwenye ataksia ya kurithi huyumba akitembea, ulimi humwia mzito, na chai humwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni. Jeni aliyorithi inadhoofisha serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu miendo, na hakuna chakula kinachoirekebisha jeni hiyo. Hata hivyo wapo wagonjwa walioacha gluteni, protini ya ngano, shayiri na rai.

Hawajazuka tu. Mwaka 2001 nchini Marekani, Khalafalla Bushara na wenzake waliwapima damu wagonjwa 50 wa ataksia. Kingamwili za gluteni, yaani protini za kinga ya mwili zinazoilenga gluteni, zilionekana kwa 9 kati ya 24 waliorithi ugonjwa, na kwa 7 kati ya 26 wasiourithi. Hapo ndipo dhana ilipopata nguvu: pengine jeni huanza kuharibu, kinga ya mwili ikazidisha.

Lakini mwaka 2003 kundi la Marios Hadjivassiliou la Sheffield, Uingereza, lilipima wagonjwa 59 wenye ataksia ya kifamilia. Waliokuwa na kingamwili hizo ni 14% tu, huku watu 1,200 wenye afya wakiwa na 12%. Kwa wagonjwa wengine, ambao chanzo cha ataksia yao hakikujulikana, ilikuwa 41%. Na Hadjivassiliou ndiye mtetezi mkubwa wa hoja kwamba gluteni huweza kudhuru ubongo! Kwangu, hesabu yake ina uzito zaidi. Kati ya watu 24, wawili watatu wakibadilika asilimia inaruka.

Sheffield iliripoti pia kwamba walioacha gluteni mwaka mzima walipata nafuu. Ila hao walikuwa na ataksia ya gluteni yenyewe, yaani inayodhaniwa kuletwa na gluteni wala si ya kurithi, na kundi la kulinganisha lilikuwa la waliokataa kubadili chakula, si la waliopangwa kwa bahati nasibu.

Kwa mla ugali, ndizi na mhogo, kuacha chapati si mzigo mkubwa. Mgonjwa wa Uingereza anayemeza kwa shida, aliyezoea mkate laini, ana hasara zaidi.

Anayetaka kujaribu apime damu kwanza, akiwa bado anakula ngano, kwa kuwa kingamwili hushuka baada ya kuacha na kipimo kikapotosha. Zikiwepo, daktari apime mwendo na usemi wake kabla ya kuanza, kisha baada ya mwaka. Zisipokuwepo, sioni sababu ya kumnyima mtu mandazi yake.