The Conjuring inatisha kweli? Inatisha, mpaka wataalamu wafike

The Conjuring ilipotoka mwaka 2013, watengenezaji wake walitamba kwamba bodi inayopanga madaraja ya filamu Marekani imeipa alama ya R, yaani aliye chini ya miaka 17 asiingie bila mtu mzima, kwa sababu ya kutisha tu. Damu haikuwa tatizo, matusi hayakuwa tatizo. Ukiuza filamu ya mizimu utataka tangazo gani tena? Iligharimu kama dola milioni 20 na ikaingiza zaidi ya milioni 300. Tangu hapo mabishano hayajaisha: huyu anaapa alilala taa inawaka, yule anasema alisinzia katikati. Mimi nawaamini wote wawili, maana filamu hii ni kama mbili zilizoshonwa pamoja, na ni ya kwanza tu inayoogofya.

Ya kwanza ni ile ya familia peke yake. Mwaka 1971 Roger na Carolyn Perron wanahamia nyumba ya shambani huko Harrisville, Rhode Island, pamoja na mabinti zao watano. Siku ya kuhama, kamera ya James Wan inaingia ndani na kuzungukazunguka bila kukatwa: inamfuata mmoja, inamwacha, inamdaka mwingine anayepita na boksi. Unaweza kudhani ni mbwembwe za mwongozaji. Kumbe unafundishwa nyumba. Taa zikija kuzimwa usiku, unajua mlango uko wapi na kona gani mtu anaweza kusimama asionekane, na macho yako yanaanza kupekua giza hata kabla hujaambiwa utafute kitu.

Halafu kinakuja kipande ambacho, kwa maoni yangu, filamu nzima haikukifikia tena. Christine, mmoja wa mabinti hao, anaamshwa usiku na kitu kinachomvuta mguu. Anadhani ni dada yake Nancy, wanayelala naye chumba kimoja. Anainama kuchungulia chini ya kitanda, hakuna kitu. Anapoinua macho anaona nyuma ya mlango kuna mtu. Sisi hatumwoni. Wan anatuonyesha ule mlango na weusi ulio nyuma yake, anaturudisha kwenye uso wa mtoto, kisha mlangoni tena. Nancy anaenda kusimama palepale kumthibitishia mdogo wake kuwa hapana mtu, naye Christine, huku analia, anamwambia kipo nyuma yako. Bado hatuoni kitu! Hakuna kinyago wala vipodozi vya mzimu, kuna mwigizaji mtoto, Joey King, na pembe ya chumba. Mara ya kwanza nilijikuta nimesogeza uso karibu na kioo kutafuta sura gizani, na hilo ndilo jambo la kijinga kuliko yote unayoweza kufanya ukitazama filamu ya aina hii.

Ile mikono inayopiga makofi kutoka ndani ya kabati, wakati mama amefungwa kitambaa machoni akicheza na binti yake mdogo, nayo ni nzuri. Ila matangazo ya filamu yaliitangaza mno yale makofi hata wengi wetu tuliingia tukiwa tunayasubiri.

Basi wanakuja wataalamu wenyewe, Ed na Lorraine Warren, mume na mke wanaochunguza mizimu. Patrick Wilson na Vera Farmiga wanaigiza vizuri sana, sina neno nao. Tatizo ni kazi waliyopewa. Wanaweka kamera, wanatundika kengele, wanaeleza pepo anavyoanza kwa kusumbua watu na kumaliza kwa kumkalia mmoja. Usilolijua ni usiku wa giza, na hawa wamekuja na tochi. Tunaambiwa mzimu anaitwa Bathsheba, mchawi aliyemtoa mwanawe kafara na kujinyonga mwaka 1863. Keshapata jina, historia na sababu ya kukasirika. Anaporuka kutoka juu ya kabati nilishtuka, nakubali, lakini hata mlango ukibamizwa na upepo nashtuka. Nikifika kwenye kupunga pepo kule chini ya nyumba, kiti kikipaa hewani, nakuwa naangalia vita tu, na vita naulizia nani atashinda.

Halafu huyo Bathsheba ananikera kwa jambo jingine. Bathsheba Sherman aliishi kweli maeneo hayo karne ya 19, na alifariki mwaka 1885, miaka mingi baada ya hicho kitanzi cha kwenye filamu. Hakuna ushahidi kuwa alikuwa mchawi. Filamu inamuunganisha hata na Salem, mahali ambapo mwaka 1692 watu 19 walinyongwa kwa tuhuma za uchawi, wakati tunajua vizuri kwamba walionewa. Kuandika mwanzoni kwamba hiki ni kisa cha kweli, kisha kumbebesha marehemu wa watu mauaji ya mtoto, ni kutafuta hofu kwa njia ya mkato.

Tena kisa chenyewe, kama anavyokisimulia Andrea, binti mkubwa wa akina Perron, kina hofu ambayo filamu imeiruka. Hawakuokolewa usiku mmoja. Waliishi mle ndani mpaka mwaka 1980, kwa sababu hawakuwa na pesa za kuondoka. Swali ambalo kila mtazamaji huuliza, "si wahame tu?", filamu inalijibu kwa sentensi chache za Roger kuhusu pesa na kukosa pa kwenda, kisha inaendelea. Mimi ningetaka nusu saa nzima ya hapo: watu saba wanaojua kuna kitu ndani ya nyumba, na bado asubuhi wanapika chai kwa sababu hakuna pengine.

Kinachonishangaza ni kwamba Wan anaijua siri ya kututisha bila kutuonyesha. Katika The Conjuring 2 ya mwaka 2016, inayohusu nyumba ya Enfield, London, Ed anatakiwa kumpa mgongo mtoto Janet ili sauti ya mzimu wa mzee iongee kupitia kwake. Kamera inabaki kwenye uso wa Ed muda mrefu. Nyuma yake kuna ukungu wenye umbo la mtu, huna hakika tena kama ni mtoto. Lakini filamu hiyohiyo ndiyo ilimleta yule mtawa mwenye uso mweupe, naye mwaka 2018 akapewa filamu yake, The Nun, inayomwonyesha mpaka unamzoea. Ikaingiza pesa nyingi kuliko The Conjuring yenyewe, kwa hiyo sitarajii studio ianze kutuficha mizimu yake karibuni.