Nani akumbuke tulipofikia? CP/M, DOS na utafutaji wa faili

Katika CP/M, mfumo endeshi ulioanzishwa na Gary Kildall mwaka 1974, faili lilitafutwa kwa kazi mbili, yaani maombi mawili yenye namba ambayo programu iliyatuma kwa mfumo. Kazi namba 17 ilileta la kwanza linalolingana na jina. Namba 18 ilileta linalofuata, na linalofuata, mpaka saraka, yaani orodha ya mafaili kwenye diski, iishe. Ugumu wote uko hapo katikati: kati ya mfumo na programu, nani akumbuke tumefikia wapi?

CP/M ilijibebesha kazi hiyo yenyewe. Anayeilaumu ana hoja nzito. Programu ikigusa diski kabla ya kuuliza tena, hata kwa kufungua faili lililopatikana sasa hivi, nafasi inapotea. Ukitaka kunakili mafaili kumi, unakusanya majina yote kwanza ndipo uanze kazi. Lakini mfumo huu uliandikwa kwa mashine ambazo nyingine zilikuwa na KB 16 tu za kumbukumbu, na kukumbuka nafasi moja tu ni rahisi. Tena ulitoa kilichomo bila kuficha: baiti 128 za saraka kama zilivyo kwenye diski, zenye maingizo manne ya baiti 32, pamoja na namba kati ya 0 na 3 kuonyesha lipi limelingana. Ukiweka alama ya kuuliza mahali pa kutaja diski, ulipata hata maingizo yaliyofutwa, yale yanayoanza na baiti E5, alama ya kufutwa. Kwa aliyekuwa akiokoa faili lililopotea, hiyo ilikuwa neema.

DOS, mfumo endeshi wa Microsoft uliokuja baada ya CP/M, katika toleo la 2.0 la mwaka 1983 ilileta saraka ndani ya saraka, na pamoja nazo kazi 4Eh ya kutafuta la kwanza na 4Fh ya kutafuta linalofuata (h huonyesha namba ya heksadesimali). Jibu sasa lilikuwa baiti 43 ndani ya kumbukumbu ya programu: 21 za mwanzo ni za DOS kujiwekea alama ya ilipofikia, zilizobaki ni sifa, saa, tarehe, ukubwa na jina. Naona huu ndio uamuzi bora kuliko yote katika sehemu hii ya DOS. Ukitaka kushuka kwenye saraka ya ndani, unaelekeza majibu mahali pengine, unashuka, kisha unarudi na kuikuta alama yako ilivyokuwa. Ukiacha kutafuta njiani, huna cha kufunga.

Hasara zipo. Programu ikichezea zile baiti 21, inajiharibia yenyewe. Na kibaya zaidi, majibu yalitua kwenye anwani 80h kama hukuyapangia mahali pengine. Hapo ndipo yalipokaa pia maneno aliyoandika mtumiaji baada ya jina la programu, mpangilio uliorithiwa kutoka CP/M. Utafutaji wa kwanza ukiyakuta hayajasomwa, unayafuta.

Baadaye Windows iliurudisha mzigo kwa mfumo, ila kwa kumpa kila anayetafuta namba yake. Utafutaji mwingi unaweza kwenda pamoja, lakini programu inayosahau kuirudisha namba hiyo inaacha kumbukumbu ya mfumo imeshikiliwa mpaka yenyewe ifungwe.