Mgonjwa wa India

Timu yangu ni Oklahoma City Thunder, na kabla hujaniuliza mtu wa Tandika na Oklahoma wapi na wapi, jibu ni Hasheem Thabeet. Mtoto wa Dar, mita 2 na sentimita 21, wa pili kuchaguliwa na timu za NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, mwaka 2009, nyota Stephen Curry akiwa wa saba. Thabeet alipohamia Thunder 2012, na mimi nikahamia. Yeye akaondoka 2014. Mimi nikabaki, kama mtu aliyesindikiza bibi harusi akasahauliwa ukweni.

Basi Juni 2025 tukaingia fainali na Indiana Pacers. Msimu mzima tulikuwa tumeshinda mechi 68, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi, nilikuwa na majivuno. Mchezo wa kwanza kati ya saba kwa saa zetu uliangukia saa tisa na nusu usiku, kuamkia Ijumaa ya tarehe 6. Nikaweka bando, nikaegemeza simu kwenye chupa ya chai, nikajimiminia kikombe, nikakaa kitandani na kaptula. Nyumba yetu ina vyumba sita na kuta zake hazifiki juu. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, chumba cha sita wanakuombea afya. Kwa hiyo nilishangilia kwa kunong'ona.

Na kulikuwa na cha kushangilia. Nusu ya kwanza Pacers walipoteza mpira mara 19, wanaugawa kama pilau ya maulidi. Kota ya nne tuko mbele kwa pointi 15. Adhana ya alfajiri ilikuwa imeshapita, wanaume wamekwenda msikitini, na mimi nilishaanza kutunga maneno ya kuweka status.

Halafu pengo likaanza kuliwa. Kumi. Sita. Tatu. Moja. Shai Gilgeous-Alexander wetu, aliyekuwa na pointi zake 38, akarusha wa kumaliza kazi, ukagoma. Rebaundi yao, mpira wameudaka wao. Kocha wao angeweza kuomba taimauti, mchezo usimame wapange, hakuomba. Tyrese Haliburton akaja nao mbio, akasimama ghafla, akaruka. Ulipoingia, saa ilibaki na sekunde 0.3. 111 kwa 110. Usiku kucha hawakuwahi kuongoza hata mara moja, wakaongoza kwa kipande hicho cha sekunde tu, nacho ndicho kilichohesabiwa.

Nikapiga ukelele. "Hali! Hali! Haliburton kaniua! Tumekwisha!" Mkono ukapiga kikombe, chai yote ikanimwagikia mapajani, nikapiga wa pili. Ule wa kwanza ulikuwa wa Oklahoma. Wa pili ulikuwa wangu mwenyewe. Nyuma ya nyumba mbuzi wa Idi wa mama mwenye nyumba akaitikia.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Mama mwenye nyumba, kanga moja kifuani, nyingine kichwani.

"Hali ya nani, mwanangu? Nani hali mbaya?"

Machozi yalikuwa yananitoka, sijui ni chai au ni Haliburton. Nikajitahidi kusema, likatoka neno moja: "Indiana..."

"India!" Akajishika kichwa. "Yarabi, kumbe walishampeleka India!"

Uswahilini kwetu mtu akipelekwa India kutibiwa, watu huanza kuulizana turubai liko kwa nani.

"Ni ndugu yako?"

"Niko nao tangu 2012, mama. Usiku kucha walikuwa wazima kabisa. Sekunde ya mwisho..."

"Ndivyo inavyokuwa, baba. Marehemu mume wangu alikula ubwabwa wote, akaomba na mtindi."

Hapo nilikuwa nimeshaelewa kwamba hatuzungumzi jambo moja. Ningeweza kusahihisha. Lakini nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi mitatu, na yeye akanishika bega, akasema kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake: "Na ile kodi usiiwaze kwanza." Nikainamisha kichwa kama mfiwa.

Haikupita nusu saa, jamvi limetandikwa uani. Muuza vitumbua wa kona aligoma kuuza, akaleta beseni zima. Dada wa chumba cha tatu alilia mpaka nikamwonea huruma. Nadhani alikuwa na yake. Fundi baiskeli, katoka msikitini na kanzu yake, akafungua daftari la rambirambi, akaanza yeye mwenyewe na elfu mbili, akanigeukia na kalamu hewani.

"Marehemu anaitwa nani, niandike?"

"Andika tu... familia," nikasema, kitumbua kikiwa mdomoni.

Ningefika nacho mbali kile kilio kama si mbuzi. Mama mwenye nyumba alitazama watu walivyojaa, akasema hawawezi kukaa na njaa, achinjwe tu yule wa Idi, yeye Mungu atampa mwingine. Kisu kikaanza kunolewa kwenye ngazi. Mbuzi akaletwa. Katika watu wote wale, akanitazama mimi.

Nikasimama. "Mama, subiri. Ni mpira."

"Mpira gani?"

"Wa kikapu."

Kimya. Kisu kikasimama. Fundi akauliza, "Kikapu cha nini?"

Ikabidi nitoe simu, nionyeshe marudio mbele ya jamvi zima. Fundi aliyatazama mara tatu, kasogeza na miwani, kisha akanitazama.

"Sasa mbona hamkumkaba?"

"Alikabwa. Cason Wallace alikuwa naye hapo hapo."

"Hapo ndiyo kukaba?"

Lile swali liliniuma kuliko chai. Akachana ukurasa, akarudisha pesa za watu, akianza na zake. Dada wa chumba cha tatu hakuniongelesha wiki nzima. Vitumbua nililipa beseni zima, pamoja na walivyokula wengine. Kodi ilitakiwa kabla ya adhuhuri. Mbuzi akaishi mpaka siku yake.

Ubingwa tuliuchukua, mchezo wa saba, 103 kwa 91, kuamkia Juni 23. Niliutazama nimejaza foronya mdomoni. Kota ya kwanza tu Haliburton akaanguka, kano ya kisigino imekatika, akatolewa anashikiliwa. Nilimhurumia kweli, hata nikasahau foronya, nikaguna kwa sauti.

Juu ya ukuta ikaja sauti ya mama mwenye nyumba, ya usingizi.

"Mgonjwa wetu wa India anaendeleaje?"

"Hali mbaya, mama. Safari hii kweli."

Kitanda chake kikalia, anageukia upande wa pili.

"Hunipati tena."