Tai ya buku tatu

Jamani kama una mdogo wako wa chuo anaenda fildi benki, yale mafunzo ya vitendo, mwambie asivae tai. Mwambie kabisa. Mimi yangu niliinunua mtumbani pale Karume, buku tatu, ya bluu ina vimistari, muuzaji akaniapia kuwa ilivaliwa na waziri wa huko Ulaya, nikaona basi wiki nane za fildi nitawafunika wote. Kumbe ndo nimenunua kesi.

Fildi ya benki kuipata ni shughuli. Nilizungusha barua benki sita, mbili wakasema nafasi zimejaa, mbili kimya mpaka kesho, moja barua aliipokea mlinzi akaikunja mara nne akajipepelea nayo nikimuona kwa macho yangu, hii ya sita ndo wakaniita. Benki kubwa, jengo la vioo pale Posta, jina nalibana maana siku ya kwanza tu tulisainishwa fomu ya siri kurasa nne, ukitoa habari ya mteja nje umekwisha. Tukasaini wote kwa mbwembwe. Baada ya kusaini ndo tunaambiwa nyie wa fildi hampewi yuza ya kuingia kwenye sistimu. Sasa siri zenyewe tutazitolea wapi?

Tulikuwa watano, Jumatatu ya baada ya Sabasaba. Dada wa rasilimali watu akatupanga, wewe mikopo, wewe mikopo, wewe hazina, wewe kaguzi, akafika kwangu akaiangalia ile tai akasema "Wewe umependeza, kaa chini pale mlangoni kwenye mashine ya tiketi usaidie wateja." Wenzangu wakapandishwa lifti wakaenda kukaa kwenye viti vya kuzunguka. Mimi nikabaki nimesimama. Wiki nane nimesimama, AC inapuliza shingoni kama niko Makete, na viatu vyenyewe vya kuazima vinabana kidole kidogo.

Sasa shida ya kusimama mlangoni na tai ni kwamba Mtanzania akiingia benki akaona tai, huyo ndo meneja. Haulizi. "Meneja, mashine imemeza kadi yangu." "Meneja, mbona mmenikata elfu mbili na mia tatu." "Meneja, mkopo wangu umefikia wapi?" Dada yangu mimi sijui hata mkopo unaanzia wapi. Meneja mwenyewe alikuwa baba mmoja mpole, shati la mikono mifupi, hana tai, anatembea na chupa yake ya chai ya tangawizi. Siku moja kaja kumsalimia mteja mkubwa mmoja wa Kariakoo ambaye nilikuwa namwelekeza kaunta, yule mteja akamgeukia akamwambia "Kijana wangu ngoja kwanza, naongea na meneja." Nilitamani sakafu ipasuke. Meneja akacheka akasema "Sawa bosi, nasubiri." Ile "bosi" mpaka leo sijajua alikuwa anamwambia mteja au mimi.

Na ukivuka kaunta tu, huko ndani hamna meneja, huko naitwa Fildi. "Fildi, katoe kopi." "Fildi, rimu imeisha, panda ghorofa ya tatu." "Fildi, tuletee chapati kumi kwa mama ntilie, mbili zisiwe na mafuta mengi." Hatua saba tu, huku bosi, kule mbeba chapati.

Halafu kuna fomu za kufungua akaunti. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu ishirini, na mteja wa kibongo hasomi moja moja, anasoma kama anavyojisikia, "kumi na tisa, sabini na moja, sifuri tatu", we unaandika unapotea mnaanza upya. Na jambo ambalo watu hawajui ni kwamba zile nane za mwanzo ndo mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Alikuja mama mmoja na kijana wake wanafungua akaunti ya pamoja, kijana kamshika mkono, nikamwamkia mama shikamoo, mwanao naye ana kitambulisho? Kumbe mchumba. Nikajikuta nasoma namba kwa sauti, "moja tisa sita nane...", yule mama akanikata jicho hilo, akainyakua kadi, akasema "Nitaandika mwenyewe." Kijana nikamuona anapiga hesabu kwa vidole chini ya meza.

Ila mteja wangu hasa alikuwa babu mmoja mstaafu. Saini yake ilikuwa inakataliwa, maana ile iliyoko kwenye faili aliiweka akiwa kijana, ina mikia na mizunguko kama mtu anachora tembele, sasa hivi mkono unatetemeka, inatoka mistari tu. Tela anamwambia haifanani babu. Babu anamjibu "Kwani mimi nafanana?" Nikamkalisha pembeni nikampa fomu za zamani za kuwekea hela, tukafanya mazoezi upande wa nyuma, karibu fomu kumi na tano, mpaka na mimi nikaijua, nikashtuka nikazichanachana zote maana nikiulizwa kwa nini naijua saini ya mzee wa watu nitajibu nini. Mwisho wakambadilishia, picha mpya, saini mpya. Nilichofanya mimi ni kutoa kopi ya kitambulisho basi. Lakini babu akatangaza mbele ya foleni nzima, "Meneja wangu huyu, ndiye kanisaidia!" Na kuanzia hapo kila akija hachukui tiketi, ananisubiri mimi.

Sasa njoo nyumbani. Mimi nakaa kwa bamdogo Gongo la Mboto, anauza vipuri Gerezani, ndo ananisomesha, na hela zake anaweka hiyo hiyo benki. Wiki ya pili tu, usiku, mama mdogo akaniita jikoni kwa sauti ya asali, kanipakulia paja la kuku. Mwanangu, eti, kwani nakuomba nini, nichungulie tu, huyu baba yako mdogo ana ngapi kule? Nikamwambia mama sina yuza. Akasema "Sawa, najua lazima uogope" akaniongeza firigisi. Asubuhi bamdogo akanishika bega getini, akachomoa elfu tano, akaniambia "Unachokiona huko kibaki huko huko, sisi wanaume." Nikataka kumwambia bamdogo mimi sijaona kitu, mimi naona migongo ya watu na mashine ya tiketi. Lakini jamani elfu tano ile. Wali maharage pale nyuma ya benki ni buku mbili na nusu, hiyo ni siku mbili nzima mtu unakula. Nikaitikia tu "Usijali."

Basi nikawa nalipwa na pande zote mbili kwa siri nisiyokuwa nayo. Huku kuku, huku elfu tano. Mama mdogo akinibana natikisa kichwa polepole nasema "We acha tu mama", anashika kiuno anaenda kufikiria. Bamdogo akinitazama mezani nameza mate, anakohoa. Nilinenepa kidogo.

Kwangu mwenyewe hali ilikuwa hivi, akaunti yangu ilikuwa na elfu nne na mia tatu, siku moja naangalia salio nakuta imepungua. Nikaenda kwa tela, yule yule ninayemletea chapati, ananiambia "Makato ya mwezi hayo, we si uko mlangoni hapo unawaeleza wateja kila siku?" Kweli nilikuwa nawaeleza, tena kwa upole na tabasamu, nawaambia ni utaratibu mpendwa mteja. Siku hiyo ndo nilijua kwa nini huwa wananitukana.

Logibuku nayo ilikuwa utunzi mtupu. Kila siku uandike ulichojifunza, kwa kizungu kizito. Kutoa kopi nikaiandika usimamizi wa nyaraka, mashine ya tiketi ikawa udhibiti wa mtiririko wa wateja, siku ya chapati nikaandika uratibu wa mahitaji ya watumishi. Mwalimu wa chuo alikuja kukagua, akakaa dakika saba, akafunua kurasa mbili, akaniuliza choo kiko wapi, akaondoka. Nimepata A.

Fildi ikaisha mwanzoni mwa Septemba, wakanigongea mhuri, wakanipa na kalenda, Septemba hiyo, kalenda ya mwaka unaoisha. Nyumbani usiku ule ule nikakuta dagaa. Mama mdogo wala hakuniangalia usoni.

Wiki iliyofuata nimepanda gari la Posta, ndala, fulana ya Yanga imepauka, nimening'inia kwenye bomba, nasikia mtu ananivuta kaptula. Yule babu. Shikamoo babu. Marahaba, akanipandisha akanishusha, macho yakamtoka, akauliza kwa sauti ile ile ya foleni:

"Meneja! Wamekufukuza?"

Gari zima likageuka. Nikamwambia hapana babu, mimi nilikuwa fildi tu, muda umeisha. Akanipigapiga mkono taratibu, akasema "Ndivyo wanavyosemaga wote, mwanangu," kisha akamwita konda, "Huyu nalipa mimi, usimdai, ana matatizo."

Nilikuwa na buku moja mfukoni na hata chai sijanywa. Nikasema asante babu.